Kata Ndani Kwanza

Usianze na mashine. Wengi wanaovutiwa na ukataji wa nakshi kwenye mbao huanza kwa kuulizia bei ya msumeno wa umeme. Wakishatajiwa hushusha pumzi, huahirisha hadi mambo yakae sawa, na shauku hupoa hapo hapo. Anza na msumeno wa upinde, ule wa mkono: fremu ya chuma yenye umbo la herufi U, mpini mmoja, na bledi nyembamba ya kama sentimita 13 iliyobanwa ncha zote mbili. Muuza vifaa akishindwa kukuelewa, mchoree. Bledi zake huuzwa kwa dazeni, nazo ndizo zinazofungwa kwenye mashine nyingi za leo, kwa hiyo siku ukinunua mashine hutakuwa na cha kutupa.

Pamoja na msumeno unahitaji kibao cha kufanyia kazi. Chukua kipande cha ubao imara, kata pengo la umbo la V mbele yake, kina cha vidole vinne, kisha kibane kwenye ukingo wa meza kwa klampu, lile pengo likichomoza nje. Ubao unaoukata unalala juu ya kibao hicho, bledi inapita ndani ya pengo, mkono mmoja unapanda na kushuka chini ya meza, na mkono mwingine unauzungusha ubao. Msumeno unabaki pale pale. Kinachogeuka ni ubao. Seremala aliyezoea msumeno mkubwa hupata tabu hapa kuliko mtu asiyejua lolote, maana mwili wake umezoea kuufuata msumeno.

Bledi ifungwe meno yakitazama chini, upande wa mpini, ili ikate unapovuta. Kama macho hayayaoni meno madogo kiasi hicho, pitisha kidole polepole kwenye ukingo wake kutoka chini kwenda juu: ikikukwaruza, imekaa sawa. Ukiifunga kinyume, kila mkono ukipanda ubao utainuka mezani, na bledi itakatika mapema.

Mambo ya bledi

Kama hela yako inatosha kununua kizuri kimoja tu, nunua bledi nzuri. Mashine ya bei kubwa yenye bledi butu hushindwa na msumeno wa mkono wenye bledi mpya, na hilo utalithibitisha mwenyewe siku ya kwanza utakayobadilisha.

Bledi hupewa namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo bledi inavyonenepa. Namba 1 na zilizo chini yake ni za plaiwudi ya milimita 3 na michoro yenye vitundu vidogo vidogo. Namba 3 inafaa ubao wa milimita 6 hadi 12. Namba 5 ndiyo ya kazi nyingi, hadi ubao wa milimita 20 hivi. Ukiwa na namba 3 na namba 5 tu unaweza kukaa muda mrefu bila kutamani nyingine. Namba 7 na 9 ni za mbao nene na ngumu, na kwenye kona kali zinasumbua. Zipo pia zenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kutazama juu. Hizo huzuia nyuzi za mbao zisichanike upande wa chini, na kwa plaiwudi zinastahili bei yake.

Ikaze bledi hadi ukiigusa kwa ukucha ilie kama uzi wa udi, sauti nyembamba na safi. Ikitoa sauti nzito, ongeza. Bledi iliyolegea hujipinda ndani ya ubao bila wewe kuona: juu unafuata mstari vizuri kabisa, chini inakata kwingine, na ukingo unatoka umelala. Wanaoanza hulaumu mikono yao kwa kosa hili, wakati dawa ni kukaza bledi.

Zitakatika. Hata wazoefu zinawakatikia. Sababu kubwa ni mbili, kusukuma kwa nguvu na kung'ang'ania bledi iliyochoka, na sababu ya pili huzaa ya kwanza: bledi ikishakuwa butu unaanza kuusukuma ubao bila kujijua. Ukihisi mabega yamekaza, usipumzike tu. Badilisha bledi. Kwenye mninga mnene au mkongo inaweza kuisha makali chini ya nusu saa, na si ubahili mzuri kuiongezea muda.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wageni wa kazi hii: unasukuma ubao moja kwa moja, bledi inaelekea kulia. Bledi nyingi hutoka kiwandani upande mmoja wa meno ukiwa mkali kuliko mwingine, na upande huo hula mbao haraka zaidi. Geuza ubao digrii chache hadi bledi ifuate mstari, kisha endelea. Baada ya muda utafanya hivyo bila kufikiri.

Siku mashine ikija

Ukishakata vitu kadhaa kwa mkono na bado una hamu, sasa ulizia mashine. Pima umbali kutoka kwenye bledi hadi kwenye nguzo ya nyuma: nyingi za matumizi ya nyumbani zina inchi 16, yaani sentimita 40 na ushei, na huo ndio upeo wa kipande unachoweza kukizungusha bila kugonga. Kasi iwe ya kurekebishwa. Mashine za kawaida hukimbia kati ya mapigo 400 na 1,600 hivi kwa dakika, na wewe utakaa upande wa chini kwa muda mrefu. Halafu tazama namna inavyoshika bledi. Zipo zinazokubali bledi zenye pini nchani tu, na pini hizo hazipiti kwenye tundu dogo la nakshi. Tafuta inayoshika bledi zisizo na pini, hata kama ni ya mitumba.

Ndugu aliyeko Marekani akikuahidi kukuletea, mwambie asome kibandiko kwanza. Umeme wa kule ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 230 hadi 240 na mizunguko 50. Utahitaji transfoma, na mota za aina fulani zitazunguka polepole hata ukiwa nayo, kwa sababu transfoma haibadilishi ile mizunguko.

Ifunge kwa bolti kwenye meza nzito, na chini ya miguu yake weka vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Mtetemo ukipungua, nusu ya kasoro zako zitapungua nao.

Kisha hakikisha meza ya mashine na bledi vimesimama pembe mraba. Kuna kipimo kisichohitaji chombo. Chukua kipande kinene cha mbao, milimita 20 au zaidi, kata mfereji mfupi wa milimita 2 au 3 kwenye ukingo wake, zima mashine. Zungusha kipande hicho upeleke ule mfereji nyuma ya bledi. Bledi ikiingia ndani yake bila kukwama, meza imenyooka. Ikigoma, rekebisha meza, kata mfereji mwingine, jaribu tena. Fanya hivi kila unapoianza kazi mpya, kwa sababu kipimo kilichochorwa kwenye meza za mashine za bei nafuu mara nyingi si cha kuaminika.

Watu husema msumeno huu ni mpole, na kwa kulinganisha na msumeno wa mviringo ni kweli. Bado unakata kidole. Vidole visikae mbele ya bledi kwenye mstari wake. Ncha za leso, ushungi, mikono mipana ya kanzu na nywele ndefu zifungwe kabla ya kuwasha. Vaa miwani ya kazi, maana bledi ikikatika ncha yake inaruka.

La vumbi ni kubwa zaidi ya kidole. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Msumeno mwembamba hutoa unga laini sana, ule unaoelea na kuingia kifuani. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana pumzi; mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, zile za MDF, zina kemikali za gundi ndani ya vumbi lake. Fanyia kazi barazani penye upepo, vaa barakoa inayobana vizuri usoni, na usiondoe vumbi kwa ufagio mkavu: tumia kitambaa kibichi. Barakoa ya kitambaa ya enzi za korona haitoshi.

Mbao ya kuanzia

Hakuna sababu ya kununua ubao mzima. Nenda kwa watengeneza samani, Keko ukiwa Dar es Salaam, kando ya Ngong Road ukiwa Nairobi, au kwa fundi yeyote wa mtaani kwako, uombe mabaki. Kipande cha mninga chenye ukubwa wa daftari, ambacho kwao ni kuni, kwako ni zawadi tatu. Ukipewa bure mara ya kwanza, mara ya pili rudi na kitu ulichokitengeneza kutokana na mabaki yale. Hutanyimwa tena.

Kwa mazoezi, plaiwudi ya milimita 3 na ya milimita 6 ndiyo rahisi. Tazama ukingo wake kabla ya kulipa: matabaka yakiwa na mapengo katikati, nakshi nyembamba zitavunjika hapo. Paina inayovunwa Sao Hill na mashamba mengine ya miti ni nafuu, lakini ina mistari ya ugumu na ulaini inayopokezana, na bledi hupenda kufuata ulaini. Ni nzuri kwa maumbo makubwa, si kwa nakshi. Msaji unakatika vizuri ila unamaliza bledi haraka. Mfenesi, ambao mafundi wa Unguja wanaujua tangu zamani, una rangi ya manjano inayogeuka kahawia kadiri miaka inavyokwenda, na ukiwekwa mbele ya mbao nyeusi unapendeza mno. Mwembe usiudharau. Mpingo uache kwanza: ni mgumu kiasi cha kumvunja moyo anayeanza, na ni ghali.

Mbao iwe imekauka. Nakshi iliyokatwa kwenye mbao mbichi huonekana nzuri jioni, na wiki mbili baadaye imejipinda.

Mchoro

Michoro imejaa mtandaoni na vitabuni, na hobi hii ina historia ndefu ya kugawana michoro. Uingereza kulikuwa na jarida la kila wiki lililoitwa Hobbies, lililoanza 1895, na michoro ya kukata ilikuwa sehemu ya mvuto wake. Lakini mimi nashauri uanze na kinachoonekana kwa macho. Simama barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe, utazame roshani za jengo linaloitwa Dispensari ya Zamani, lililoanza kujengwa 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan. Utaona jinsi mafundi walivyotoboa ubao: tundu, daraja, tundu, daraja, na jinsi umbo moja dogo linavyorudiwa hadi kujaza upana wote. Huhitaji kuliiga jengo zima. Piga picha umbo moja, lichapishe steshenari, lichore upya kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi, nawe una mchoro ambao hakuna mwenzako aliye nao.

Mchoro wowote, kabla ya kuubandika, paka wino mweusi sehemu zote zitakazotoka. Kisha weka ncha ya kalamu kwenye sehemu nyeupe yoyote na uitembeze: lazima uweze kufika kila sehemu nyeupe bila kuvuka weusi. Kuna kisiwa cheupe kilichozungukwa na weusi? Kitadondoka. Chora daraja la kukiunganisha, lenye upana usiopungua unene wa ubao wako kama unaanza.

Majina ndiyo yanayonasa wengi. Ukikata jina kama herufi zenyewe, zilizoungana kwa chini au kwa mstari, tumbo la A na la R linatoka kama tundu na hakuna shida. Ukikata jina kama tundu ndani ya ubao, matumbo yale yanakuwa visiwa na yanaanguka. Kwa maandishi ya Kiarabu tatizo ni nukta. Nukta za ba, ta, nun na ya hazishikwi na chochote. Aidha uzichoree kijidaraja, ambacho msomaji mzuri atakiona na kukichukia, au ukate kila nukta pembeni na kuigundisha pamoja na neno kwenye ubao wa nyuma. Njia ya pili ni ya kazi zaidi na ndiyo sahihi.

Kubandika: funika ubao kwanza kwa masking tepu, kisha gundisha karatasi juu ya tepu kwa gundi ya fimbo. Kazi ikiisha unabandua tepu na karatasi vinatoka pamoja, ubao ukiwa msafi. Kwenye mbao ngumu ongeza seloteipu ya uwazi juu ya karatasi. Bledi hupita kwa wepesi na ukingo hauungui.

Kukata

Toboa tundu la kuingilia katika kila sehemu nyeusi, kwa biti ya milimita 1 hadi 2, karibu na kona lakini si juu ya mstari. Weka ubao wa mabaki chini unapotoboa ili upande wa pili usichanike. Halafu fungua bledi upande mmoja, ipitishe tunduni, ifunge, ikaze, kata, fungua, hamia tundu lingine. Mchoro wenye matundu 40 una maana ya kufungua na kufunga mara 40, na hapo ndipo utakapojua kama hobi hii ni yako.

Mpangilio ni huu: vitundu vidogo kabisa vya katikati kwanza, kisha vikubwa, ukingo wa nje mwisho. Ubao ungali mzima unastahimili kushikwa na kusukumwa. Ukianza na umbo la nje unabaki na kitu chembamba kisicho na pa kushikia, na kadiri unavyotoboa ndani ndivyo kinavyodhoofika. Nakshi nyingi zinazovunjika zikiwa zimebakiza matundu mawili huvunjika kwa sababu hii.

Sukuma mbele tu, polepole, na usiusukume ubao ubavuni. Tazama mstari ulio mbele ya bledi, umbali wa punje ya mchele hivi. Kona kali ya ndani usilazimishe kuizunguka: kata hadi kwenye ncha, rudi nyuma ndani ya mfereji ule ule kidogo, kata njia ya mkato kwenye sehemu itakayotupwa, kisha ifikie ncha kutoka upande wa pili. Kona ya nje ni rahisi zaidi, pitiliza kwenye taka, zunguka kwa kitanzi, rudi kwenye mstari. Ukitoka nje ya mstari, usirudi kwa ghafla. Rudi kwa mkunjo mpole, na hakuna atakayejua, kwa sababu karatasi itatolewa na hakuna atakayeuona mstari uliokuwapo.

Ukingo ukiungua na kuwa mweusi, bledi imechoka au unakwenda polepole mno kwa kasi uliyoweka.

Cha kutengeneza

Anza na kitu kinene chenye mkunjo mpole na kisicho na matundu: samaki, kobe au tembo, kwenye ubao wa milimita 18. Unene hufichua kila kosa la bledi iliyolegea, na tembo akitoka na mguu mnene mtoto hatalalamika. Cha pili kiwe kitako cha kuwekea sufuria ya moto, chenye matundu sita au nane makubwa.

Cha tatu, fumbo la ramani. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na lina asili ya kale: katika miaka ya 1760 John Spilsbury, mchora ramani wa London, alibandika ramani kwenye ubao na kuikata kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia kwa kupanga vipande. Chapisha ramani ya Tanzania yenye mikoa yake 31, au ya Kenya yenye kaunti 47, uibandike kwa gundi ya mbao kwenye plaiwudi ya milimita 6, safari hii moja kwa moja bila tepu. Tumia bledi namba 1 ili mapengo kati ya vipande yawe membamba. Mipaka iliyochorwa kwa rula wakati wa ukoloni hukatika kwa dakika moja. Ile inayofuata mito itakufundisha zaidi ya zoezi lolote. Unguja, Pemba na Mafia usizikate kama vipande vya kuelea: zitapotea chini ya kochi. Zikate kama matundu ndani ya ubao wa bahari, ugundishe ubao mwingine nyuma, nazo zipate vitanda vyao vya kulalia. Ziwa Victoria liache limegundishwa. Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, kipande chochote kinachopita ndani ya mrija wa karatasi ya chooni ni hatari kwake. Unganisha mikoa midogo iwe kipande kimoja.

Marufaa ya kuwekea msahafu ni hatua inayofuata: mbao mbili zenye unene sawa, kila moja ikiwa na mpasuo hadi katikati, zinazopishana kama X. Nakshi ikatwe kwanza, mpasuo baadaye, na upana wa mpasuo uupime kwa ubao wenyewe, si kwa rula. Nyuma ya nakshi za sanduku au fremu ya picha unaweza kugundisha kitambaa cha kanga. Rangi zikichungulia kupitia matundu, mbao ya kawaida hupata uhai.

Kumalizia kusikusumbue sana. Msasa namba 150 kisha 220 kwa bapa, na kwa ndani ya matundu kata ukanda mwembamba wa msasa uupitishe kwa vidole viwili. Vanishi ya kupaka kwa brashi hujikusanya kwenye kona za nakshi na kutengeneza machozi. Afadhali mafuta ya kitani, yapakwe kidogo, yafutwe vizuri. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yanaweza kuwaka yenyewe yakirundikwa, kwa hiyo yatandaze nje yakauke. Vitu vya watoto vipakwe nta ya nyuki, au viachwe hivyo hivyo.

Kuonyesha kazi

Mwenye kazi huzoea kasoro zake. Baada ya saa nne ukiinamia ubao mmoja, macho yako hayaoni tena ukingo uliolala, na ndiyo maana hobi hii husonga haraka kwa mwenye kuionyesha kazi na huchelewa kwa mwenye kuificha kabatini hadi iwe kamili.

Mtu wa kwanza wa kumwonyesha ni yule fundi aliyekupa mabaki. Mpe shikamoo yake, mpe kazi, unyamaze. Mara nyingi hatatazama mbele. Ataigeuza, apitishe kidole gumba ndani ya matundu, na pale kidole kinaposimama ndipo penye somo lako. Wa nyumbani watakuambia ni nzuri, na wanastahili kusikilizwa kwa jambo moja: je, wanaitumia? Kitako cha sufuria kilichotundikwa ukutani badala ya kuwekwa mezani kimekosa kitu, pengine kinayumba.

Picha za kuwatumia wenzako wa kazi zipigwe nje kivulini, asubuhi au alasiri, mwanga ukitoka ubavuni ili kina cha matundu kionekane. Flashi hukifuta. Weka kazi juu ya kitambaa cha rangi moja. Kanga ni nzuri ila itashindana na nakshi zako. Weka sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Piga tatu: nzima, ya karibu kwenye kona ngumu kuliko zote, na ya mgongo. Kwenye WhatsApp zitume kama faili, si kama picha za kawaida, la sivyo zitabanwa na kona ulizohangaikia zitafifia. Andika aina ya mbao, unene wake, namba ya bledi, na mchoro ulikotoka. Ukiuliza "mnaonaje?" utapata vidole gumba kumi na hujafunzwa kitu. Uliza "kona ya juu kushoto imechanika kwa chini, nibadilishe bledi au kasi?" nawe utajibiwa na mtu aliyewahi kupita hapo.

Nawe ukionyeshwa, jibu kwa namna hiyo. Taja sehemu moja iliyokupendeza kwa jina lake na sehemu moja ya kurekebisha, hasa kwa kijana anayeonyesha kwa mara ya kwanza.

Kama mchoro ni wa mtu, mtaje, na kama uliununua soma masharti yake kabla ya kuuza kazi iliyotokana nao. Nyuma ya kila kazi andika kwa kalamu ya wino herufi zako, mwaka na aina ya mbao.

Ukianza kuonyesha, maombi yatakuja: "na mimi nitengenezee." Jibu lake ni kukata kwa mafungu. Panga plaiwudi nne za milimita 3, weka kadibodi ngumu chini kabisa ipokee mchaniko, zifunge kingo zote kwa masking tepu, bandika mchoro mmoja juu, tumia bledi namba 5, na mchoro uwe wa matundu makubwa. Kwa kazi ya kufungua na kufunga ile ile unapata nakala nne: yako, ya shemeji, ya mwalimu wa madrasa au wa shule ya Jumapili, na ya akiba, kwa sababu mtu wa nne atakuja tu. Anayetaka kununua mpigie hesabu ya mbao, bledi, umeme na saa zako, bila kuona haya. Bei ya undugu iwe bure kabisa au bei kamili. Ile ya katikati huwaacha wote wawili na kinyongo. Na kama siku moja utauza kitu cha mpingo kwa mtu anayekwenda nje ya nchi, ujue mti huo, pamoja na jamii yake yote, umo katika orodha ya mkataba wa CITES tangu 2017. Uliza ofisi ya misitu kuhusu vibali kabla ya safari.

Zawadi ya kutuma mkoani kwa basi ifungwe hivi: kata kadibodi mbili zilizoizidi kazi kwa vidole viwili kila upande, weka nakshi katikati, jaza matundu makubwa kwa vile vipande vilivyotoka humo humo, kisha funga kadibodi kwa tepu pande zote nne. Andika juu "USIKALIE," kwa herufi kubwa.